Chai ya Fundi Saa

Mama Kijiko alipoingia na kijibegi chake, mzee alimtania hata kabla hajavuta kiti, akamuuliza leo amemletea karamu gani. Wagonjwa ndio waliompa mama huyo jina, maana kazi yake ni kuwapima kumeza watu waliopooza. Anaweka vidole kooni, anatoa maji kijiko kimoja, anangoja koo lipande na kushuka, kisha anamwambia mgonjwa aseme "aaa". Sauti ikitoka kama yenye majimaji, kitu kimepita njia ya hewa.

Mzee alikuwa fundi saa, na kipimo hicho alishakisoma kama saa iliyofunguliwa mezani. Alipopewa maji, alitabasamu kwanza, akameza mate tena na tena kimyakimya, ndipo akatoa "aaa" safi. Alitaka chai yake. Tangu apooze, wiki tatu uji mzito tu, na leo akifaulu chai inarudi.

Mke wa mwanawe alisimama mlangoni, mtoto mgongoni. Juzi na jana alimpa mzee chai kwa siri. Alibembelezwa mpaka akaona haya kukataa. Mzee hakukohoa hata mara moja, lakini baadaye alimwita mjukuu wake kwa sauti iliyotokota kama sufuria, na jioni mwili ukawa moto. Akisema, amemchongea baba mkwe na kujichongea mwenyewe. Akinyamaza je? Mumewe yuko mbali, wa kumuuliza hana.

Mama Kijiko akafungua kalamu aandike kuwa mzee amefaulu.

"Mpe kikombe kizima," mama mtoto akasema, macho chini. "Hatakohoa. Halafu mwambie amwite mjukuu wake, umsikie."

Mzee alimtazama kama mtu aliyefungiwa mlango na wa nyumbani mwake. Hakuweza kukataa. Mafunda machache yalitosha. Jina la mtoto lilitoka limelowa.

Mama Kijiko hakugomba. Alisikiliza kifua, akaandika mzee apelekwe kupigwa picha ya koo, na mpaka hapo asipewe chai wala maji ya kunywa.

"Kumbe naishi na askari," mzee akasema, akageukia ukutani.

Siku hizi mama mtoto anakunywa chai bafuni, kwa kusimama, mlango umefungwa. Nyumba ni ndogo, harufu haifichiki. Jana mzee aliita kutoka kitandani.

"Mwanangu, umeshakunywa chai?"

Mama mtoto alimeza kwanza. Akameza tena kimyakimya, ndipo akajibu:

"Bado, baba."