Benchi la Siku Nne

Mpangaji wangu Fredi ni mtu mwoga. Nasema hivyo kwa mapenzi, maana amekaa kwangu hapa Nyamugari, mjini Gitega, miaka mitatu na sijamsikia akigombana hata na paka. Mlango ukigongwa anashtuka. Ukimwita kwa sauti ya juu kidogo, anauliza amekosa nini. Mume wangu Kassimu ni fundi cherehani, na mchana Fredi humsaidia kushona sare za shule. Jioni huvuta ile meza ya kukatia vitambaa hadi ukutani, akaipangusa nyuzi, akaegemeza simu yake kwenye kopo la vifungo, na hapo ndipo kilipo chuo kikuu chake. Anasoma kwa masafa. Walimu wako nchi nyingine, anawasikiliza kwa simu, na hata mitihani anafanyia hapo hapo, mimi nikiwa nimekatazwa kufungua redio.

Hakuja Gitega kwa mambo hayo. Alitoka Muyinga kuja kusoma chuo cha kawaida, kile cha kukaa darasani, na nusu ya watu wa kilima chao, yaani kijiji kizima karibu, walimsindikiza mpaka kwenye gari. Siku ya nne mwalimu akamsimamisha mbele ya ukumbi uliojaa, aeleze somo kwa Kifaransa. Fredi alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na Kifaransa chake ni cha kuokoteza. Maneno yote yakampotea, akabaki mdomo wazi, ukumbi mzima ukacheka. Alirudi nyumbani anatetemeka kama mwenye malaria, na kule hakukanyaga tena. Baada ya wiki mbili akajiandikisha masomo ya masafa, kwa Kiingereza alichosoma kambini. Nilimwambia awaeleze wazazi. Akasema atawaeleza kesho, na kesho hiyo ikawa miaka mitatu.

Basi Jumatano moja baba yake, mzee Nazario, akapiga simu. Jumamosi anakuja. Analeta maharage, na analeta bidoni, dumu zima, ya urwarwa, pombe yao ya ndizi, ampelekee mwalimu kama shukrani. Halafu anataka kuona benchi analokalia mwanawe.

Fredi alirudisha simu mfukoni akakata suruali ya mteja katikati ya goti. Kassimu akang'aka, lakini mimi niliuona uso wa kijana nikamwambia mume wangu anyamaze. Nikamvuta Fredi jikoni, nikamuuliza, mzee akijua atakufanya nini, atakuchapa na umri huo? Ndipo akanieleza.

Nazario alikuwa mwalimu kambini miaka kumi na mmoja, na cheti chake cha ualimu alikipatia huko huko. Waliporudi Burundi alikipeleka ofisini kuomba kazi. Wakamuuliza, shule iliyokupa hiki iko wapi? Kambi ilikuwa imeshafungwa, madarasa yamebomolewa, matofali watu wameyabeba. Akaambiwa hiyo ni karatasi tu. Tangu siku ile analima muhogo, na kila mtoto wake akianza shule, yeye huenda kwanza kuugusa ukuta.

"Kwangu atagusa nini, Mama Ilyasi?" Fredi aliniuliza. Hapo nikaanza kuogopa na mimi.

Mungu anisamehe, mpango nilipanga mimi. Chabani, shemeji yangu, ni mlinzi pale chuoni, na Jumamosi kumbi huwa tupu. Atatufungulia, mzee ataona benchi, ataugusa ukuta, arudi kwao na furaha yake. Mwaka mmoja tu umebaki, nilimwambia Fredi, ukishapata diplome nani atauliza ulikalia nini? Siku tatu hizo hakula chochote cha maana.

Mzee alifika amevaa koti lililopigwa pasi. Bidoni yake niliikatalia isiingie nyumbani kwangu, maana sisi ni Waislamu, kwa hiyo aliibeba mwenyewe mpaka chuoni na hakulalamika. Chabani akafungua. Nazario aliuwekea ukuta kiganja, akausukuma kidogo, akatabasamu. Akauliza benchi ni lipi. Fredi akamwonyesha la nne, upande wa dirisha, na kwa hilo hakusema uongo. Mzee akakaa.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe mwalimu hata akishika jembe bado ni mwalimu. Akauliza, asubuhi jua halikupigi machoni hapa? Fredi akasema hapana. Ukikaa nyuma ya hawa wote ubao unauona? Anauona. Shingo ya Fredi ilikuwa imelowa jasho. Mzee akautazama ubao kwa muda, akauliza taratibu, kama mtu anayejipigia soga, "Mwalimu wako anaandika kwa mkono gani?"

Fredi akanitazama. Nikatazama sakafu.

"Baba, hapa nilikaa siku nne," akasema.

Akaeleza yote amesimama, tangu kile kicheko hadi meza ya Kassimu, mbele ya mabenchi matupu, na safari hii hakuna neno lililompotea. Nazario hakupaza sauti. Aliiondoa mikono yake juu ya benchi, akaificha chini ya koti.

"Sina hasira, Fredi. Naogopa," akasema. "Mimi nilikuwa na wanafunzi, nilifanya mtihani, nilipewa cheti. Nilikosa ukuta tu. Wewe huna hata wa kubomolewa."

Alimwomba aanze upya pale pale, yeye atalima hiyo miaka mingine. Fredi alikuwa analia, lakini alikataa. Akasema chuo chake kinajulikana na karatasi zake zitakubaliwa, kisha akakiri kwamba hana hakika, na kwamba usiku hofu hiyo humnyima usingizi. "Ila nikianza upya, baba, nitakuwa nimekimbia mara mbili."

Mzee akanyanyuka. Akasema basi apelekwe anakosomea kweli.

Kwetu aliizunguka meza, akalishika kopo la vifungo, akaugusa ukuta ulio nyuma yake. Ni ukuta wa matofali mabichi, na vumbi lilimbaki kiganjani. Akanigeukia.

"Mama Ilyasi, siku wakimuuliza alisomea wapi, utakuwepo?"

"Mi niko hapa, mzee," nikamjibu. "Na meza iko hapa."

Maharage alituachia. Bidoni aliibeba akarudi nayo Muyinga, akisema mwalimu hajaonekana.

Fredi atamaliza mwezi wa saba, halafu karatasi itapelekwa ofisini. Wakati huo huo Kassimu amekwisha kununua matofali ya kupanulia karakana, na ukuta anaotaka kuuvunja ni ule ule wa nyuma ya meza. Nimemwambia asiuguse. Tumegombana mara mbili, akaniuliza naogopa nini, nyumba si yetu? Naogopa mtu wa ofisi aje kuuliza shule ilikuwa wapi, nami nimwonyeshe mahali palipobomolewa.