Kitenge cha Harusi ya Anaïs

Ghislain alikuwa na cheo kirefu kuliko tai yake: Mkuu wa Maji na Uwajibikaji, katika kampuni moja ya vitenge hapo Brussels. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika ripoti nzuri kuhusu maji ambayo hakuna ofisini aliyewahi kuyaonja. Akienda kunyolewa Matonge, mtaa wa Wakongo wenzake jijini humo, alipenda wamwite Papa Mayi, yaani Baba Maji, naye akitabasamu utadhani mto aliuchimba yeye.

Mto wenyewe ulikuwa Katanga, huko Kongo, nyuma ya kiwanda cha kampuni, na ulibadilika rangi kila kitenge kilipobadilika rangi. Kila mwaka Ghislain aliandika, kwa adabu zote, kwamba kiwanda kinahitaji mtambo wa kusafisha maji machafu. Mkurugenzi alisifu picha za jalada, ripoti ikaenda kabatini. Ghislain naye akapokea mshahara wake.

Mwaka 2012 binti yake Anaïs akapata mchumba. Kwao, harusi ambayo ukoo haukuvaa kitenge kimoja si harusi, basi Ghislain akatamba: kitenge kitatoka kwake, tena bure! Alishaiona heshima yake imejaa ukumbi mzima wa harusi, kule Koekelberg.

Lakini mchaguzi wa vitenge vya ukoo alikuwa Maman Marie-Claire, dada mkubwa wa mkewe. Mzigo wa vitenge aliurudisha bila hata kuufungua.

"Papa Anaïs, ile liputa hatutavala. Ndugu yetu kule anakunywa mayi ya bleu. Alors, basi siye tuvale, tucheze?"

"Maman, tafazali, ni arusi ya mutoto!"

"Justement. Ndiyo maana."

Ghislain alidhani ni vitisho tu. Siku ya harusi akaingia na koti la kitenge cha kampuni, kifua mbele. Ukumbi mzima ulivaa kingine, cha manjano, cha washindani wa kampuni. Anaïs akamsogelea, machozi yanamlengalenga.

"Papa, vua."

Akavua. Akamsindikiza bintiye na shati lililolowa jasho, na aibu kama ile hakuwahi kuionja maishani.

Picha za harusi zikasambaa, pamoja na habari ya mto. Akina mama wa Saint-Gilles, hapo hapo Brussels, wakakikataa kitenge cha kampuni, kisha wa Paris, na oda zikaporomoka. Mkurugenzi akaidhinisha mtambo kahawa yake haijapoa, halafu akamgeukia Ghislain, amefura.

"Miaka yote hii, kwa nini hukuniambia?"

"Niliandika kila mwaka, Monsieur."

"Uliandika kuhusu mto. Kuhusu wateja hukuandika."