Siku Nilipoyagomesha Maji Majimoto

Nikianza tu kusimulia jambo hili, mke wangu huinuka akaenda zake kupepeta mchele, maana anajua nitafika pale kwenye suruali ya mwenyekiti na yeye atacheka mpaka akae chini. Aibu ninayo mpaka leo, lakini afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko vijana wa bodaboda, ambao wameshaliongezea chumvi hadi haliliki.

Mimi ni fundi cherehani hapa sokoni Majimoto. Dada yangu wa Usevya ana binti anaitwa Restituta, na huyo mtoto (namwita mtoto, lakini ana shahada mbili) amesomea nano, yaani elimu ya kutengeneza na kutumia vitu vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Aliponieleza mara ya kwanza nikamwambia aache utani. Akaning'oa unywele mmoja, akauinua juani.

"Mjomba, chukua unene wa unywele huu, ugawe vipande maelfu kwa maelfu. Kipande kimoja cha hapo ndiyo kipimo chetu. Na kitu kikishakuwa kidogo namna hiyo, kinabadilika tabia. Hata madini ya fedha, haya ya pete, ukiyafanya chembe za nano yanaua vijidudu kwenye maji."

Maisha yangu yote napima watu kwa futi kamba, viuno, mabega, mapaja, na sikuwahi kufikiri kwamba hata ndani ya unywele kuna nafasi ya mtu kupima!

Basi Resti akaja na chujio lake alilolitengeneza kwa mikono yake: ndoo ya juu imefunikwa kitambaa cha kuzuia takataka (hicho nilikishona mimi, kwa fahari kubwa), ndani kuna mchanga uliopakwa zile chembe za fedha, kisha maji yanashukia ndoo ya chini yenye koki. Kijiji kikikubali, chombo kikubwa cha aina hiyo kingefungwa shule ya msingi, ambako kila masika watoto wanaharisha mpaka madawati yanabaki matupu. Ila watu walikuwa na wasiwasi, dawa gani hiyo isiyoonekana? Mwenyekiti wa kijiji akasema njooni mbele ya mkutano mtuonyeshe, tukiona tutakubali, tusipoona mchukue ndoo zenu.

Sasa, Resti alikuwa ameniletea na zawadi, chupa ya kupulizia koti langu la Jumapili. "Hii nayo ni nano, ila ya nguo," akasema. "Inafanya maji na tope visishike." Nikapulizia, likakauka, nikamwagia maji, na maji yakaviringika kama shanga yakadondoka, koti kavu! Nilirudia mara nyingi mpaka mke wangu akauliza kama lile koti ni kitalu cha mpunga.

Asubuhi ya mkutano nikakiangalia kile kitambaa cha chujio, cheupe pe, nikawaza pikipiki za barabarani na vumbi lake, na wageni watakaokitazama. Nikasema moyoni, fundi gani anapeleka kazi chafu mbele za watu? Nano na nano si ndugu? Nikachukua ile chupa, nikakipulizia chote, nikakianika juani kikakauka vizuri, nikakifunga juu ya ndoo. Resti sikumwambia (nilitaka asifiwe halafu ndiyo nijitaje).

Watu walijaa barazani pa shule, wakulima, wafugaji wa Kisukuma na fimbo zao, akina mama wa kanisani. Mwenyekiti kakaa mbele kabisa, suruali yake ya kijivu imenyooshwa mpaka mstari unakata. Mimi nimevaa koti langu, nimeshika kipaza sauti, maana nilijiteua mwenyewe kuwa MC, msema chochote wa mkutano.

"Ndugu zangu, leo mtaona elimu!" nikatangaza.

Resti akachota maji ya lambo wanakonywa ng'ombe, rangi ya chai ya maziwa, akamimina. Maji yakakaa juu ya kitambaa. Yakatulia pale kama dimbwi, yaking'aa, na hakuna hata tone lililopita. Akaongeza. Dimbwi likakua.

"Maji yamegoma!" akapiga kelele mfugaji mmoja nyuma, na baraza zima likaangua kicheko.

Resti akainama kutazama, uso umembadilika. Mimi, badala ya kunyamaza, nikasema kwenye kipaza sauti, "Subirini, hii ni mitambo ya kisasa, inapasha kwanza!" na kwa mkono mwingine nikalisukuma lile dimbwi chini ili lipite kwa nguvu. Kitambaa kikachomoka, ndoo ikalala upande, na maji yote ya ng'ombe yakaenda kwenye mapaja ya mwenyekiti.

Mwenyekiti akajitazama, kisha akanitazama mimi, ambaye nilikuwa nimemwagikiwa vilevile lakini matone yananiviringika kifuani na kudondoka.

"Fundi," akasema polepole, "mbona wewe hujalowa?"

Resti akageuka. Akaligusa koti, akakigusa kitambaa. "Mjomba. Umekipulizia?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ningeweza kuingia ndani ya ule unywele nikajificha.

Nilitegemea alie, kazi ya miaka imeharibiwa na mjomba wake mbele ya watu. Yule binti akachukua kitambaa, akakiinua juu. "Jamani, mnajua jani la gimbi, maji yanavyoviringika juu yake? Jani lile lina vinundu vidogo sana vyenye nta, maji hayapati pa kushika. Mjomba amekifanya kitambaa hiki kuwa jani la gimbi. Nano inaweza kuyafukuza maji, na inaweza kuyasafisha. Inategemea umeiweka wapi. Naombeni kitambaa kingine."

Mama Ng'washi, mfugaji, akavua kilemba chake kipya akampa. Resti akasimamisha ndoo, akakifunga, akamimina maji mengine. Tukasubiri. Halafu koki ikaanza kutiririsha maji meupe, na baraza lote likasogea mbele kama ng'ombe wenye kiu. Akanywa yeye kwanza. Mwenyekiti, suruali imemganda mapajani, akanyoosha mkono. "Nipe na mimi, mwanangu. Ya juu nimeshaoga." Akanywa, akapangusa ndevu, akauliza nani anapinga. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Kesho yake nilimsindikiza Resti kwenye gari la Mpanda, nikamwomba radhi kwa mara sijui ya ngapi. Akacheka. "Mjomba, lile somo la jani la gimbi niliogopa hawatalielewa. Wewe umewafundisha kwa dakika moja."

Maneno mazuri, ila mimi mwenyewe najua nilichofanya. Nimeapa: jambo nikilielewa nusu, naulizia nusu iliyobaki kabla sijatia mkono. Na kipaza sauti sishiki tena.