Spika za Urembo

Jumamosi, katika duka la vifaa vya kompyuta mjini Lushoto, nilimkuta mama mmoja kutoka Shume akichagua spika. Mumewe siku hizi hasikii vizuri, na nyimbo za kwaya husikilizia kwenye kompyuta yao ya nyumbani.

"Hii ina spika nne ndani, mama," muuzaji alisema, akifungulia muziki.

Mama aliweka kiganja juu ya kila duara, polepole, kama anayempima mtoto homa.

"Hii inatetemeka. Hizi tatu mbona zimetulia?"

Muuzaji alikohoa. "Hizo ni za urembo."

"Mzee wangu hasikilizi urembo. Lete nyingine."

Akaletewa kisanduku kidogo cheusi, akakishika, kikatetemeka, akakichukua.

Nilipofika nyumbani niliwasha redio yangu kubwa, nikaipapasa. Kati ya spika sita, mbili tu ndizo zinazofanya kazi.