Paa la Depo ya Kahawa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipanda juu ya nyumba iliyotupa hifadhi, nikalivua paa lake kwa mikono yangu mwenyewe, tena nikiimba.

Vita vilitutoa Gashoho, kule Muyinga, mimi na mke wangu Zaina. Shangazi yangu Mwamini akatupokea Gitega, mtaa wa Magarama, katika depo, ghala la zamani la kahawa aliloachiwa alilinde. Yule mama hakubomoa kitu. Pale palipokuwa na mizani aliweka vyerehani vinne. Chumba cha magunia akakigawa kwa mikeka, familia tano zikalala. Kibaraza cha kupakilia kahawa kikawa duka la nguo. Juu kulikuwa na mategura, vile vigae vya udongo, vizito, vyeusi kwa ukungu.

Mimi nikaona aibu kulala chini yake. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Jirani yetu Bukuru, muuza mabati, alinijua udhaifu.

"Mon vieux, mzee wangu, we fundi mzima unalala chini ya chungu? Nipe baiskeli yako, chukua mabati. Iko moderne, ya kisasa!"

Shangazi alikuwa amesafiri kwenda Buraza kwenye msiba. Siku tatu zikanitosha. Mategura nikayatupa chini, yakavunjika.

Aliporudi nikamwambia, "Shangazi, ona, inang'aa mpaka Muyinga!"

"Naona. Na wezi nao wako na macho, mtoto wa kaka." Akaokota kipande cha kigae. "Hiki nani angekibeba? Tegura moja likipasuka, unaweka lingine. Bati, mtu analiweka kichwani anaenda."

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka.

Mwezi haukuisha. Wakaja wenye bunduki, asubuhi kweupe, wakiongozwa na Salvatori, kijana wa mtaa wetu, na Bukuru akiwaonyesha misumari iliko. Kwa muda wa kuchemsha maharage, paa likawa limekwenda. Nyumba za mategura hawakuzigusa hata moja. Kisha mvua. Zile kuta ni matofali mabichi, mwanangu, zinanywa maji kama ng'ombe. Siku ya nne ukuta wa chumba cha magunia ukaanguka. Zaina alikuwa ndani, anakusanya mikeka ya watu; hakutoka hai.

Bukuru yuko hai, ananisalimia sokoni. Salvatori naye. Nawataja, sioni haya. Na wa tatu ni mimi.

Sasa nasikia wewe na wenzako mnataka kuvunja upande uliobaki, mjenge ghorofa la vioo. Sikatai mpya. Lakini msiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujang'oa kitu cha zamani, kiulize kilikuwa kinazuia nini. Ziba ufa, rudisha tegura, weka kazi mpya ndani ya kuta za zamani. Na aliyeachiwa nyumba akiwa msibani, msubiri arudi.

Mungu awape paa lisilotamaniwa na mwizi, na wake zenu wazeekee chini yake.