Nilichagua skrubu ndefu, nikaishia kumshika mama mkwe mkono

Nisamehe, msomaji, lakini siwezi kuendelea kulibeba hili peke yangu. Nimemshika mama mkwe mkono. Mchana kweupe, hapa Kamina, mbele ya ukoo wake. Naandika huku nacheka, na kwa kweli nilipaswa kulia.

Kwetu sisi Waluba, mwanamume hamgusi mama wa mke wake. Hata kumtazama usoni unajizuia. Nalijua hilo tangu utotoni, kwa hiyo sina pa kujifichia.

Yote yalianzia sokoni. Nilikuwa nimemtengenezea mama huyo kisanduku cha mbao cha kutunzia rozari yake. Kidogo, chepesi, kizuri jamani. Kilibaki kufungwa bawaba mbili ndogo, na nilitaka skrubu za shaba ya njano ili ziwake. Muuzaji, mke wa askari wa kambini, aliweka skrubu kando ya kifuniko nilichokuja nacho akatikisa kichwa.

"Papa, kifuniko iko mwembamba. Kamata ya mafupi."

"Minyi sipendake bintu ya kuregea," nikamjibu, maana mimi na vitu vilivyolegea hatupatani.

Nikachukua ndefu kwa sababu vichwa vyake vilikuwa vinene na vinang'aa. Kiburi tu. Nyumbani nikazikaza, na ncha zikatokeza upande wa ndani wa kifuniko. Badala ya kuzing'oa, nikabandika kitambaa chekundu juu yake, nikajisifu kwamba nimetia bitana. Ungamo langu ndilo hilo: niliziona, nikazificha.

Jumapili baada ya misa nikakipeleka kwao, ukoo ukiwa umekaa uani. Harusi ilikuwa Jumamosi inayofuata. Nikakaa mbali na mama mkwe, macho chini, mtoto mwema kabisa. Shangazi wa mchumba wangu akakipokea na kumpelekea. Mama akafungua, akawa anakipapasa kile kitambaa taratibu, akifurahia ulaini wake.

"Mawe!" akapiga yowe; ncha ilikuwa imemchoma kidole.

Damu. Sijui miguu ilinipelekaje. Nilijikuta nimepiga magoti mbele yake, nimeushika mkono wake kwa mikono yangu miwili, namfunga leso yangu. Halafu, Mungu wangu, nikakipuliza kile kidole kama anavyopulizwa mtoto mchanga.

Baba mkwe akainuka akaingia ndani. Mchumba wangu akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Weye uligusa mama?"

Nikafukuzwa papo hapo. Harusi ikasimamishwa, nikaambiwa ukoo utakaa uamue kama binti yao bado anaweza kuolewa na mtu asiye na haya. Ile Jumamosi ikapita nimejilaza kitandani na suti ikining'inia ukutani. Nampenda yule binti. Nilikuwa nampoteza kwa ajili ya vichwa vya skrubu.

Jana shangazi akaja. Kicheko kilimzidi, akashika kwanza mlango ndipo akaweza kusema.

"Mama iko anacheka tangu ile siku. Anasema, muntu mwenye aliona damu yangu akasahau haya, huyo njo mukwe. Lakini mbuzi ya faini ulete."

Yaani mimi ndiye mkwe! Nilirukaruka mpaka jirani akachungulia.

Basi nyinyi mnaochumbia, wekeni skrubu kando ya ubao kabla ya kununua, iwe fupi kuliko unene wake. Ikitokeza, ing'oeni, msiifunike. Na mama mkwe akitoka damu, mwiteni shangazi. Ningewashauri zaidi, ila natafuta mbuzi kabla hawajabadili nia.