Video ya kwanza ya mama, ile yenye salamu

Mtanisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayoyakosea. Nilisoma shule ya msingi tu, hapa hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, na shuleni walitufundisha kwa Kichewa na Kiingereza. Kiswahili nilikipata nyumbani na kanisani, kwa masikio. Kwa hiyo kila neno kwanza nalisema kwa sauti ndogo, halafu natafuta herufi zake. Naandika polepole. Kusimama mbele ya watu niongee siwezi kabisa, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ninachotaka nikiseme mapema, ili asiye na muda asihangaike kufika mwisho. Natafuta video moja. Ni somo la kushona blauzi ya kikwembe, yaani kitenge. Anayefundisha ni mama yangu, na aliyeshika simu ni mimi. Ni video mbaya. Ni ndefu, upepo unavuma ndani yake, na mama anasalimia watu muda mrefu sana kabla ya kugusa mkasi. Masomo yake mengine yote ninayo. Hilo moja sina, na ndilo peke yake linaloonyesha uso wake.

Mama alikuwa mshonaji tangu Bukavu, kule Kongo. Mimi Bukavu siikumbuki, maana nilitoka huko mgongoni. Kumbukumbu zangu zinaanzia Dzaleka, na zinaanzia nyuma ya mama. Alikuwa anashona nje, kwenye kivuli cha ukuta wetu wa matofali ya udongo, na mimi nilikaa nyuma yake juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alichora vitambaa kwa kipande cha sabuni iliyokauka. Pini aliziweka mdomoni, kwa hiyo hakuwa ananiambia "angalia hapa." Alikuwa anainamisha kichwa kidogo upande mmoja, ili nione juu ya bega lake. Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Nilipomaliza shule ya msingi na nafasi ya kuendelea ikakosekana, nilikuwa tayari najua kukata mkono wa blauzi.

Baadaye, simu za kuchukua video zilipoanza kupatikana kambini, alikuja kwetu kijana mmoja Mrundi aliyekuwa anafundisha mambo ya picha kwenye kituo cha vijana. Tulimwita mwalimu. Alisema kuna akina mama wakimbizi wanaoishi Lilongwe, kule Mchesi, wanafanya biashara ndogo ndogo na wanatamani kujua kushona, lakini hawawezi kuja kambini kila wiki. Alitaka tuwatumie masomo kwa simu.

"Mama yako iko na ufundi," aliniambia, "na wewe mikono yako haitetemeke."

Nilikubali haraka, kwa sababu anayeshika simu haonekani kwenye picha.

Siku ya kuchukua, mama alivaa nguo za kanisani. Alifunga kitambaa kichwani, akakaa upande wa pili wa meza akinitazama, wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikabonyeza. Akaanza.

"Bwana asifiwe! Nasalimia bamama bote benye kuwa Lilongwe. Nasalimia bapastere na bamama pastere. Benzetu Baislamu, salaam aleikum, musiseme nimebasahau. Nasalimia bantu ya Bukavu kama hii video itafika kule. Mama, kama unaniona, tuko bazima, usilie tena. Nasalimia na huyu mutoto wangu mwenye kushika telefone. Mumusamehe, hawezi kubasalimia. Iko na haya kama bibi-arusi, na hata muchumba hana!"

Hapo alicheka na kunitazama, yaani alitazama simu. Kisha akafumba macho akaombea mkasi, akaombea cherehani, akaombea na mtandao. Ndipo akatandika kitambaa.

Kwetu hilo halikuwa jambo la ajabu. Kwetu mtu hasimami mbele ya wenzake akaingia kwenye kazi moja kwa moja, ni kama kuingia nyumba ya watu bila hodi. Mimi nilidhani tumefanya somo zuri sana.

Mwalimu alilitazama lote, hakusema kitu kibaya. Akalituma Mchesi. Baada ya siku kadhaa akatuambia: "Musiwaulize kama ni nzuri. Mukiwauliza watasema ni nzuri. Mwende mukawaangalie wakati wanaiangalia."

Basi tukaenda, mimi na mama. Tulipanda kabaza, baiskeli za kubeba abiria, hadi barabara kubwa, na kutoka pale tukapata gari la Lilongwe. Akina mama walikuwa wamekusanyika kwenye baraza la mwenzao mmoja, Mwislamu wa Kindu aliyekuwa anauza nguo za mitumba, kaunjika kama wanavyosema hapa. Walikuwa na simu moja yenye intaneti, wameiegemeza kwenye kopo la sukari. Kila mmoja alikuwa na kitambaa magotini.

Video ikaanza. Mama wa Kindu akaijibu simu, "Wa aleikum salaam, mama," kwa heshima zote, na huku mama mwenyewe amekaa pembeni yake. Wengine waliitikia sala. Mama yangu pia aliitikia "Amina" kwa sala yake mwenyewe. Kisha picha ikasimama. Mama kwenye simu alikuwa bado amefumba macho.

"Nini tena?" mama aliuliza.

"Bando imekwisha," alisema mama wa Kindu.

"Imekwisha namna gani? Mi sijaanza hata kukata!"

"Njo hivyo, mama. Tumeikula yote ju ya salamu. Mukasi njo ilikuwa inakuya sasa."

"Basi mungenizarau kama ningeanza na mukasi."

"Tungekuzarau, lakini tungeshona!"

Baraza zima lilicheka, na mama alicheka kuliko wote, akijifuta macho kwa pembe ya kikwembe.

Alikuwepo mmoja aliyekuwa ameiona video hadi mwisho kwa simu ya mume wake. Alileta blauzi yake iliyokwisha, akaivaa tuone. Ilikuwa imeshonwa vizuri, ila matundu ya vifungo yalikuwa upande wa kushoto, kama shati la mwanaume.

"Papa, shikamoo!" alisema mama wa Kindu, akimwamkia kama baba wa nyumba. "Papa, batoto banalia njaa, umetuletea nini?"

"Mi nimefuata mukono yake," alijitetea yule mwenye blauzi. "Pale kwa telefone anaweka huku, na mi nikaweka huku."

Mama akaishika ile blauzi, akaigeuza, akanitazama mimi kana kwamba simu imemsaliti. Na mimi nikaelewa. Mimi sikuwahi kujifunza nikiwa nimemtazama mama usoni. Siku zote nilikuwa nyuma yake, mkono wake wa kulia ukiwa upande wa mkono wangu wa kulia. Wale akina mama nilikuwa nimewakalisha upande ambao hata mimi ungenipoteza. Nilimnong'oneza sikioni.

"Mutoto anasema," mama alitangaza kwa sauti, na mimi nikatamani ardhi inifiche, "anasema tuchukue picha nyuma ya mabega yangu. Kama vile yeye alikuwaka anakaa."

Tangu hapo tulifanya hivyo. Nilisimama juu ya ndoo, simu juu ya bega la mama la kulia, na kwenye picha kulikuwa na mikono yake, kitambaa na mkasi basi. Tulichukua asubuhi, kabla ya upepo kuanza na kabla chigayo, mashine ya mahindi ya jirani, haijaanza kunguruma. Kila somo lilikuwa na jambo moja: mkono peke yake, kola peke yake, matundu ya vifungo peke yake. Siku moja mama aliushona mkono ndani nje, akaufumua huku anacheka. Nilitaka kuifuta video hiyo, lakini mwalimu alikataa. Alisema wanaojifunza wanahitaji kuona fundi naye anafumua.

Kazi iliyotushinda ilikuwa salamu. Kila nikibonyeza, mama anaanza, "Bwana asi—" na mimi nainua kidole. Ananyamaza, mabega yanatikisika kwa kicheko, naona kupitia simu. Mwishowe alibuni dawa yake mwenyewe: alijaza pini mdomoni kabla sijabonyeza, akazitoa moja moja wakati mkasi uko tayari ndani ya kitambaa.

"Nafundisha kama mwizi," alilalamika. "Naingia kwa bantu bila hodi."

Lakini Mchesi walishona. Blauzi zilianza kufungwa upande unaotakiwa. Masomo yakapita simu kwa simu, yakafika Area 49, mtaa mwingine wa Lilongwe, yakafika hata kwa watu tusiowajua. Ile video ya kwanza mama mwenyewe aliniambia niifute, maana simu ilikuwa imejaa na masomo mapya yalihitaji nafasi. "Ile inanitia haya," alisema. "Nimejipamba kama naenda kuolewa, halafu bantu banashona shati ya papa." Nikaifuta. Ilikuwa sawa. Kwa somo ilikuwa haifai.

Halafu mama akaugua. Tulimpeleka hospitali Lilongwe, tukamrudisha, tukampeleka tena. Amezikwa hapa Dzaleka.

Sasa namtazama kwenye masomo. Mikono yake ninayo yote. Ninacho kidole gumba chenye alama ya sindano, kipande cha sabuni, kucha zilizokatwa fupi. Sauti yake ninayo pia: "Kunja hapa. Polepole. Sasa pindua." Naweza kuisikiliza saa yoyote. Lakini hapo anaongea na mtu anayejifunza, na mimi kukata mkono wa blauzi najua tayari. Hakuna hata somo moja ambalo anageuka. Kuna moja, lile la kola, ambapo mwishoni anaweka mkasi chini na kichwa kinaanza kugeuka kuja kwangu. Unaona shavu na pembe ya jicho. Hapo video inakatika, kwa sababu somo lilikuwa limekwisha na mimi nilikuwa nimejifunza kutopoteza bando za watu. Nimelirudia somo hilo kiasi kwamba ningeweza kuliacha kabla halijafika pale. Siliachi. Kila mara nangoja kidogo, kana kwamba safari hii atamaliza kugeuka.

Picha yake iko moja, ile ya karatasi za ukimbizi. Ndani yake hacheki. Ni mtu aliyeambiwa asitikisike.

Kwa hiyo nilianza kutafuta. Nilirudi Mchesi, mimi ambaye kumuuliza mtu njia ni kazi ya nusu siku. Lile baraza sasa ni mahali pa kutengeneza simu. Yule mwenye blauzi ya papa amekwisha kuhamishiwa nchi za mbali na watoto wake. Namba za wengine haziiti. Mama wa Kindu nilimpata Area 49. Ana cherehani yake na meza nje ya nyumba, na wateja wake wengine ni watu wa maofisini Capital Hill wanaopunguziwa suruali.

Alinishika kichwa kwa mikono miwili. "Mutoto wa mwalimu wangu! Ungali na haya?"

Niliitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Nikamweleza ninachotafuta. Hakuwa nayo. Simu yake ya wakati ule iliangukia kwenye beseni la maji, zamani. Masomo ya baadaye alikuwa nayo, wasichana anaowafundisha wanayatumia, akanionyesha la mkono. Tukatazama pamoja mikono ya mama.

"Lakini zile salamu nazikumbuka," alisema ghafla. "Zote!"

Akasimama katikati ya vitambaa, akafunga mtandio wake kama mama alivyofunga, akanyoosha mgongo. "Nasalimia bamama bote benye kuwa Lilongwe! Benzetu Baislamu, salaam aleikum, musiseme nimebasahau!" Aliombea mkasi. Aliombea mtandao. Mteja mmoja wa Kimalawi aliyekuwa anangoja suruali yake alisema "Ame", yaani amina, bila kuelewa kitu, na mimi nikacheka hadi nikakaa chini. Sijui tangu lini nilikuwa sijacheka hivyo.

"Halafu akasema kitu ju yako," aliendelea, akinitazama. "Alisema nini pale? Akaangalia hivi..." Alijaribu. Aliinua nyusi, akakunja mdomo, akajaribu tena upande mwingine. Kisha mikono ikamshuka.

"Hapana," alisema. "Maneno naweza. Ile sura siwezi."

Alinipa chai, akanisindikiza hadi kwenye gari.

Ndiyo maana naandika. Wewe unayesoma hapa, labda ulikuwa Mchesi miaka ile, au uko mbali sasa, kwenye nchi yoyote waliyokupeleka. Kama una simu ya zamani ndani ya sanduku, ile yenye kioo kilichopasuka, tafadhali ichaji uangalie ndani. Mwanamke amekaa upande wa pili wa meza, amefunga kitambaa kichwani, na anasalimia. Ukiiona, usiikate, hata kama ni ndefu. Nijibu kupitia aliyekupa karatasi hizi, yeye anajua nyumba yetu. Na kama video huna lakini ulimwona mama akicheka, niandikie hilo tu: alikuwa wapi, alikuwa anamtazama nani, na uso wake ulikaaje.